Komeo la Chumba cha Sita

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, mguu juu ya kigoda kama ulivyoagizwa, wala si kanisani ukiwahubiria watu kwa mguu mmoja. Msalimie sana mkazamjomba. Mwambie ile sweta aliyonifumia nimenyang'anywa na mama, anayedai kuwa mimi nina mafuta ya kutosha kunikinga na baridi. Mama ni mzima, isipokuwa masikio. Ukimwita akiwa jikoni anakujibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Hapa gerezani nimehamishiwa upande wa ushonaji. Ni jengo refu lenye meza nane za cherehani, na mwisho wake kuna vyumba sita vidogo vya wafungwa wanaotakiwa kukaa peke yao askari wengi wanapokwenda kula. Kila siku saa sita mchana tunafanya kitu tunachokiita kugusa. Askari mmoja anapita mlango kwa mlango, anasukuma komeo kwa kiganja mpaka chuma kilie, kisha anaita namba. Mwenzake ameketi mezani nje ya mlango na daftari, haoni ndani ila anasikia, anaandika: moja, imeguswa, mbili, imeguswa. Mpitaji ni mimi. Mwandishi ni mama mmoja mtu mzima, jina lake la hapa ni Bibi Daftari. Amebakiza miezi minane astaafu, na kwa miaka kumi na moja hajaandika namba isiyoitwa. Nikikawia ananitazama juu ya miwani mpaka najihisi mhalifu ni mimi.

Nina swali la kwako wewe uliyesomea mambo haya. Chumba cha sita ni cha mwanamke tunayemwita Mshonaji. Alimuua wifi yake miaka tisa iliyopita. Faili lake nimelisoma, na kuna mambo humo ndani sitayaandika, maana najua barua zako anakusomea mkazamjomba. Daktari ameagiza kwamba saa sita afungiwe, bila kukosa. Lakini Mjomba, sijakutana na mtu mpole kama huyu. Anazirekebisha sare zetu, anaimba sauti ya pili ibadani, na kila nikimsukumia komeo usoni ananiambia, ahsante mwanangu. Naona aibu mpaka masikioni. Moyo uliofanya yale umetuliaje hivi kwa miaka tisa? Nani anaushika? Na kama yupo anayeushika, mimi na chuma changu tunafanya nini pale?

Mpwa wako asiyesikia.


21 Februari

Kwako Bi Funguo,

Marahaba, mara mbili. Barua imenikuta barazani kweli, kwa hiyo hutapata nafasi ya kunisema. Mkazamjomba wako anakusalimu na anasema sweta nyingine iko njiani, ya mama yako ibaki kwa mama yako. Mguu ni kidonda kidogo tu chini ya kidole. Kuna muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya sajini, anayetaka nifungue kitambaa kila asubuhi nikitazame kidonda kwa kioo, kama bi harusi anavyojitazama. Nimemwambia kwamba aliyekiumba kidole anakitazama. Yeye alicheka, mkazamjomba wako hakucheka.

Swali lako ni zuri kuliko yote niliyoulizwa na wanafunzi wangu wa uinjilisti kwa miaka ishirini, na wengi wao sasa wanavaa kola za uchungaji. Nisikilize. Neema ni za namna mbili. Iko neema inayookoa, na hiyo si ya kila mtu kuipokea. Lakini iko neema inayozuia, na hiyo Mungu humwaga kwa wote kama mvua, kwa mwema na kwa mwovu. Ndiyo inayofanya mwizi asiibe kila mara anapoweza, na mwenye hasira ashushe mkono aliokwisha kuuinua. Unamkumbuka yule mfalme wa zamani aliyemchukua mke wa mgeni, Mungu akamwambia usingizini kwamba Yeye ndiye aliyemzuia asimguse? Mfalme alijiona mwema, kumbe alikuwa ameshikwa. Kama Mungu angeondoa mkono wake kwa siku moja, Bi Funguo, usingenikuta mimi wala mama yako. Tungekwisha kulana, majirani na ndugu pamoja.

Huyo Mshonaji wako ni mfalme yule. Anashikwa. Usione aibu, ila usijidanganye pia. Komeo halisi liko mkononi mwa Mungu. Hicho chuma chenu ni cha kuwapa wakubwa usingizi.

Sentensi hiyo nimeipenda mwenyewe. Jumapili nitaitumia.

Mjomba wako.


15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako naiweka ndani ya kofia ya kazi. Nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Mama anasalimu, amepata mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi redio, na kwa mara ya kwanza mtu amefurahi kwamba mama hasikii. Mkazamjomba hajaniambia kidonda kinaendeleaje. Ananiandikia habari za nyuzi tu.

Sijui niseme nini isipokuwa kwamba nimepata amani. Zamani nilikuwa naingia kazini nikiwatazama wale wanawake kama vyungu vinavyokaribia kuchemka. Sasa nawatazama na kusema moyoni, wanashikwa. Nimewaambia hata baadhi yao. Mshonaji alilia nilipomwambia.

Tuna mahabusu mpya tunayemwita Kidoti, kwa sababu ya alama iliyo kidevuni. Aligombana na jirani yake bombani, akampiga kwa ndoo, jino likatoka. Ni msichana wa maneno mengi na kicheko kingi. Hata Bibi Daftari amewahi kutabasamu, nikadhani jino linamuuma. Mshonaji anamfundisha kutoboa matundu ya vifungo, na mikono ya yule binti imekuwa myepesi ajabu. Wanakuwa pamoja hata saa sita. Usiniulize inawezekanaje. Wewe ndiye uliyenifundisha kuishi kwa kuamini.

Mpwa wako.


2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sijapata barua yako tangu Februari, nimeona nikuandikie tena. Natumaini mguu haujambo na mkazamjomba pia. Mama mzima.

Kumekuwa na shida kidogo kazini. Usiwe na wasiwasi ukisikia watu wakisema.

Mpwa wako.


19 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Unisamehe kwa kukawia. Nilikuwa na safari kidogo, na huko nilikokuwa hapakuwa na meza ya kuandikia. Sasa niko nyumbani. Mguu hauniumi tena, umshukuru Mungu. Mkazamjomba wako amekonda kidogo lakini mzima.

Nilisikia redioni kwamba katika gereza lenu la wanawake mahabusu ameuawa na mfungwa. Hawakutaja jina wala upande. Nilizima redio nikakaa. Halafu nikakumbuka yule binti wa kicheko, na yule mwanamke wa sauti ya pili, nikajiambia hapana, gereza ni kubwa.

Kama ni wao, ujue kwamba nalia pamoja nawe. Dunia imejaa uovu unaozuiwa, na ule mmoja unaoponyoka ndio tunaousikia. Tusiache kuhesabu siku zote ambazo halikutokea lolote. Mungu hajaondoa mkono wake.

Niandikie. Ulikuwa zamu?

Mjomba wako.


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama ana mafua, fundi redio amehama. Sweta imefika, ahsante, inanitosha.

Ni wao. Ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Aprili, baada ya saa sita. Barua ya kumwachilia Kidoti ilikuwa imefika asubuhi, atoke Ijumaa. Alimwambia kila mtu, akamwambia na Mshonaji. Mikasi yetu imefungwa minyororo kwenye meza, lakini mnyororo ni mrefu kidogo ili mtu aweze kukata kitambaa. Nilikuwa upande wa dirisha. Nilisikia kiti kikianguka. Nilipofika, Mshonaji alikuwa amemshika Kidoti mapajani, anambembeleza, anamwambia akae, asiende. Damu ilikuwa imefika mpaka chini ya cherehani ya tatu. Alikufa kabla ya machela kuja. Mshonaji akaniuliza nani amefanya hivi.

Sasa nitakuambia kilichomo ndani ya lile faili. Wifi yake naye aliuawa siku aliyofunga mizigo aondoke. Ndiyo sababu daktari aliandika afungiwe saa sita, askari wakiwa wachache, na asiachwe na mtu anayekaribia kutoka.

Ijumaa mama yake Kidoti alikuja langoni na viatu vipya. Alikuwa hajaambiwa. Nilikuwa langoni siku hiyo. Aliniomba nimpelekee binti yake viatu avivae atoke navyo, maana binti aliingia gerezani na ndala. Nikavipokea, Mjomba. Nikasema subiri. Nikavipeleka ndani, nikamwita mkuu wa gereza atoke akamwambie. Mimi sikutoka tena. Viatu viko chini ya kitanda changu mpaka leo.

Bibi Daftari amesimamishwa kazi na kushtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Daftari la Jumatano ile lina maneno haya kwa mwandiko wake: sita, imeguswa. Na chini yake sahihi yake. Kwa kanuni zetu, aliyeandika ndiye aliyethibitisha. Tume ya uchunguzi iliniita mimi pia. Nikasema niliita namba zote sita kama kawaida. Wakaandika, wakanishukuru.

Mungu alikuwa wapi Jumatano? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Mpwa wako.


11 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mkazamjomba wako nilimwomba aniache.

Nilikuwa nimeanza kukujibu kuhusu Mungu alikuwa wapi. Niliandika kurasa tatu, nzuri sana, nikazichana. Sikuweza kuendelea kwa sababu ya jambo dogo. Mwezi wa pili ulinieleza kwamba kugusa kwenu ni mambo mawili, kusukuma komeo mpaka chuma kilie, na kuita namba. Ukaniandikia tena Machi kwamba wale wawili wanakuwa pamoja hata saa sita, nisiulize inawezekanaje. Sikuuliza. Nilifurahi kusifiwa, nikapita.

Sasa nauliza. Umeiambia tume kwamba uliita. Je, uligusa?

Mjomba wako.


20 Agosti

Mpwa wangu,

Wiki ya sita hii. Mama yako ameniandikia kwamba huli mezani, unakula umesimama, na kwamba ukirudi kazini unasukuma milango yote ya nyumba, hata ya kabati. Anadhani ni mapenzi. Mimi sikumwambia kitu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimekwisha kuja mara moja. Sikuulizi tena. Nakungoja.

Mjomba wako.


3 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nakurudishia barua yako ya Februari. Mafuta yaliyomo ni ya cherehani. Mstari uliopigwa chini ya yale maneno ya komeo ni wangu, niliupiga siku ileile ilipofika. Kuanzia siku iliyofuata niliita sita nikiwa dirishani.

Kesi ya Bibi Daftari inasikilizwa tarehe 9 Oktoba.

Mpwa wako.


17 Septemba

Mpwa wangu,

Leo hakuna utani.

Nilipoifungua ile karatasi niliusoma mwandiko wangu kama mtu anayesoma barua ya mgeni, na kwa aya nzima nilikuwa nikimwona huyo mgeni anajipenda sana. Ulimi hauna mfupa, na kalamu ni mbaya zaidi, kwa kuwa maneno yake hubaki. Sentensi ile niliihubiri Jumapili tatu, katika makanisa matatu. Watu walisema amina. Sikumwuliza hata mmoja wao alikwenda nyumbani akaacha nini wazi.

Nami nilikuficha jambo. Nilipokuandikia kwamba mguu hauniumi tena nilisema kweli, vilevile kama wewe ulivyosema kweli mbele ya tume. Mguu haupo. Waliukata chini ya goti mwezi wa nne. Safari niliyokuandikia ilikuwa ya hospitali, siku arobaini. Daktari aliniambia kwamba kama kidonda kingetazamwa kila asubuhi kingepona katika wiki tatu, na yule muuguzi wa sauti ya sajini alikuwa amesimama pembeni, hakusema nilikwambia. Nilimkataza mkazamjomba wako asimwambie mtu. Sikuona aibu ya magongo. Niliona aibu ya mahubiri. Tazama sasa: mjomba na mpwa, mbali mbali, mwezi mmoja, kosa moja. Mimi limenigharimu mguu, na bado nilikuwa na wa pili. Yule binti hakuwa na uhai wa pili.

Basi pokea fundisho kama nilivyopaswa kuliandika. Mungu huzuia uovu, hilo silifuti. Lakini sijaona mahali alipouzuia kwa hewa tupu. Huuzuia kwa sheria, kwa aibu, kwa jirani anayechungulia dirishani, kwa mama anayeuliza unatoka wapi. Alimzuia yule mwanamke miaka tisa, na vyombo alivyotumia ni waraka wa daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, chuma, na kiganja cha mkono. Komeo lile ndilo lililokuwa neema. Lilikuwa neema hata kwake Mshonaji, aliyekuwa akikushukuru kila siku, nasi tukadhani ni upole tu. Alikuwa anajijua kuliko sisi. Tulidhani tunamwachia Mungu kazi yake, kumbe tunamnyang'anya vyombo.

Uliniuliza alikuwa wapi Jumatano. Kwa nini hakuushika mkono ule kwa njia nyingine, sijui. Nimelia kwa swali hilo, na atakayekupa jibu la haraka usimwamini, hata akiwa mimi. Ninachojua ni kwamba alikuwa ameweka mtu mlangoni. Mtu huyo ni wewe, na mimi ndiye niliyekwambia ondoka.

Kidoti hatarudi. Uovu wa Aprili umekwisha kutendeka, hauzuiliki. Lakini upo mwingine unaotendeka sasa hivi, kila siku unapoamka ukanyamaza, na tarehe 9 Oktoba utakamilika. Huo bado unazuilika. Na kwa huo pia, mwanangu, Mungu hana kiganja kingine cha kutumia. Ni hichohicho chako.

Sikwambii kwamba watakuhurumia. Watakufunga. Nimeweka humu barua nyingine, ya kumpa hakimu, inayoeleza nilichokuandikia na lini, pamoja na ile yenye mstari wako. Zipeleke zote mbili. Ningeweza kuzituma mwenyewe. Sitazituma, kwa sababu nataka namba ya sita iguswe na aliyepaswa kuigusa.

Viatu vile mwachie mama yako, aniletee. Nitavipeleka mimi.

Mjomba wako.


28 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Karatasi hii imesomwa na askari kabla yako, kwa hiyo msalimie na yeye. Mama alikuja Jumapili. Alipiga kelele kwa sababu hasikii, na mimi nikajibu kwa kelele, basi gereza zima linajua kwamba mchanga umeingia kwenye mchele na kwamba paka amezaa. Sweta hairuhusiwi humu, ina uzi mrefu.

Tarehe 9 nilikwenda na sare yangu. Jina la Bibi Daftari lilipoitwa nilisimama mimi. Hakimu aliniambia niketi, nikasema siketi. Nikaeleza: kuanzia Machi sikuligusa komeo la sita hata siku moja, niliita tu, na mwandishi aliandika nilichoita kwa kuwa kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumwitia uongo. Nilitoa barua zako. Ile yenye mstari waliipitisha mezani, kila mmoja aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya mafuta. Siku ya hukumu hakimu alisema barua ya mjomba haimfungui askari mtu mzima kutoka kwenye kanuni za kazi yake. Alisema kweli. Miaka minne.

Bibi Daftari walimwachia huru siku ileile ya tarehe 9. Alipita mbele yangu na mkoba wake, nikamwambia shikamoo, mama. Hakuitikia. Katika maisha yangu shikamoo yangu haijawahi kukosa marahaba, Mjomba, na sikujua kunaumiza mahali gani. Alipofika mlangoni alisimama, akamwambia askari wa mahakama, lakini alitaka nisikie mimi:

"Wiki saba sikusikia chuma cha sita. Nikadhani masikio yangu yamekwisha, nikaona haya kuuliza."

Hayo ndiyo maneno ninayolala nayo. Ya hakimu nimeyasahau.

Mkazamjomba ameniandikia kwamba ulikwenda na magongo mpaka kwa mama yake Kidoti, njia yote ile ya mawe, na kwamba alivipokea viatu, akavitazama soli, akafunga mlango. Anasema ulikaa nje kwenye ngazi mpaka jua likageuka, kisha mkarudi. Ahsante kwa kwenda. Sikutarajia afungue.

Mimi niko chumba cha peke yangu, kwa sababu niliwahi kuwa askari na wengine humu wananijua. Ni hatua tatu kwa mbili, dirisha liko juu. Saa sita mchana wanapita kugusa, kama kwetu. Nakaa nimenyamaza nisikilize. Moja, chuma kinalia, askari anaita. Mbili, vivyo hivyo. Yangu ni ya nne.

Juzi alikuja askari mpya, msichana, nadhani alikuwa na haraka ya kwenda kula, au amenionea huruma kwa kuwa nilikuwa mwenzao. Aliita nne kutoka mbali. Sikusikia chuma. Nilimsikia mwandishi akianza kuandika.

Zamani nilidhani najua kilichomo ndani ya Mshonaji. Sasa sijui hata kilichomo ndani yangu, na upande wa pili wa ukuta yuko mwanamke mwenye mtoto mchanga. Nikainuka, nikagonga mlango kwa ngumi zote mbili mpaka akarudi mbio akidhani naumwa.

"Hujagusa," nikamwambia.

Alisogea karibu na mlango. Kisha akaweka kiganja, akasukuma, chuma kikalia. Nikasema ahsante, mwanangu. Nikakaa kitako nikala.

Mpwa wako.